Muulize Fundi: Pikapu ya Baba Juu ya Chesisi Mpya

Barua za mwezi huu karibu zote zinazungumzia jambo moja: pikapu kuukuu ambayo mwenyewe hataki kuiuza, wala hataki kuendelea kuiendesha ilivyo. Nimefurahi sana. Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote zinazoingia gereji kwangu hapa Unga Limited. Kabla sijarudi Arusha niliifanya kwa miaka kadhaa kwenye karakana moja ya Fort Worth, Texas, ambako Ford na Chevrolet za miaka ya 1950 na 1960 ndizo zilizotupa riziki. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu najua wengi wenu mna gari kama hilo limefunikwa turubai nyuma ya nyumba.

SWALI: Shikamoo Fundi. Baba yetu alifariki mwaka jana akatuachia pikapu yake, Land Rover 109 Series III ya petroli, iliyobeba kahawa na ndizi zetu tangu sijazaliwa. Imesimama muda mrefu chini ya migomba. Kaka zangu wanasema niiuze kwa kilo, mimi sitaki. Nataka itembee Marangu hadi Moshi na siku nyingine Arusha, ibebe mzigo, na nisiwe na wasiwasi na breki zake. Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza anataka kuiweka juu ya chesisi ya Discovery yenye injini ya Tdi, ile dizeli ya turbo. Wa pili anasema chesisi iachwe, ifungwe injini ya Land Cruiser, 1HZ. Nimsikilize nani? — Binti wa Marangu

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Usiuze kwa kilo. Bodi ya gari hilo karibu yote ni aloi ya alumini, hailiwi na kutu kama bati la kawaida, na Series III ziliacha kutengenezwa mwaka 1985. Zilizobaki ndizo hizo hizo.

Mafundi wako wote wawili wameanzia kwenye injini. Mimi nakuomba uanzie chini. Utaratibu wangu kwenye kazi hizi haubadiliki: kwanza gari lisimame likiambiwa simama, pili lifuate usukani, na nguvu iongezwe mwisho. Pikapu ya baba ina breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Ukiipa injini yenye nguvu karibu maradufu ukaacha dramu zile zile, umempa dereva mwendo ambao hana cha kuuzuia, na mteremko wa kutoka Marangu kwenda Himo unaujua mwenyewe.

Basi kabla ya kununua chochote, jua hali ya chesisi uliyo nayo. Tafuta nyundo ndogo ya mpini wa mbao, lala chini ya gari, gonga chesisi kila kiganja kimoja, kutoka mbele hadi nyuma, pande zote mbili. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilicholiwa kinatoa sauti iliyokufa, na mara nyingine vumbi la kutu linakumwagikia usoni, kwa hiyo vaa miwani. Pale sauti inapobadilika weka alama ya chaki, kisha sukumia bisibisi. Ikizama, hapo hakuna chuma. Kazana na sehemu nne: krosimemba ya nyuma (chuma kinachokatiza kuunga pande mbili za chesisi), mahali springi zinaponing'inia, ile mikono ya pembeni inayobeba ukuta wa chuma ulio kati ya injini na kabini, na mgongo wa chesisi juu ya ekseli ya nyuma, ambako tope hutulia msimu mzima. Chesisi hizi ni boksi lililounganishwa kwa bapa za chuma, na kutu yake huanzia ndani. Kwa nje unaweza kukuta rangi nzuri kabisa.

Kama chesisi ni nzima, au imeoza mahali pamoja tu panapozibika, huna haja ya kuihamisha bodi. Iache pale ilipo. Mbele funga breki za diski zenye busta, weka springi za parabola, badilisha mabomba yote ya breki. Springi za parabola ni bapa chache, nene katikati na nyembamba mwishoni, na zimepangwa zisisuguane urefu wake wote kama zile za asili. Gari linakuwa laini kwa kiasi ambacho mtu aliyezoea 109 haamini. Kwa mama mwenye ndizi zake na mgongo wake, mabadiliko hayo peke yake yanatosha kabisa, na pikapu inabaki kuwa ile ile ya baba.

Kama chesisi imeoza kweli, hapo nakubaliana na fundi wa kwanza kwa nusu. Tdi ndiyo, Discovery hapana. Discovery ya kwanza ina umbali wa milimita 2540 kutoka ekseli hadi ekseli. Ya baba ina 2769. Zinapungua milimita 229, na kuzipata ni lazima chesisi ikatwe katikati na kurefushwa. Inawezekana, na hapo chini nimemjibu kijana mmoja wa Nairobi anayetaka kufanya hivyo. Lakini gari la kubebea mzigo kwenye barabara za mlimani mimi silikati katikati kama kuna njia nyingine, na njia ipo: chesisi ya Land Rover 110. Hiyo ilitoka mwaka 1983, na umbali wake ni milimita 2794. Tofauti na 109 ni milimita 25 tu. Bodi ya nyuma inakaa karibu na mahali pake. Kazi iko mbele, pale ule ukuta wa chuma na paneli ya rejeta vinapofungiwa, ambako fundi wako atahamisha vishikio.

Ngoja nieleze kwa nini 110 inaendesheka tofauti kabisa, kwa sababu watu hudhani ni suala la springi laini tu. Kwenye 109, springi za bapa zina kazi mbili kwa wakati mmoja: zinabeba uzito, na zinaishikilia ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Kitu kinachofanya kazi mbili lazima kiwe kigumu. Kwenye 110, springi ya koili inabeba uzito tu. Mbele ekseli inashikwa na mikono miwili mirefu pamoja na fimbo ya Panhard inayoizuia kwenda pembeni, na nyuma kuna mikono miwili na kipande chenye umbo la A kilichofungwa juu ya difu kwa boli joint. Ndiyo maana springi zinaweza kuwa ndefu na laini bila gari kupepesuka. Na ndiyo maana pia, ukinunua chesisi ya 110 iliyotumika, bushi za mikono hiyo na ile boli joint ya nyuma zibadilishwe zote kabla bodi haijapanda. Ni vitu vya bei ndogo vinavyofikika kirahisi siku hiyo, na kwa shida sana baadaye.

Kuna jambo fundi wako lazima akuonyeshe kwa rula kabla hujakubali. Ekseli za 110 ni pana zaidi. Kwa 109, kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya la kulia ni kama milimita 1310 hadi 1330, kutegemea rimu. Kwa 110 ni 1486. Kila tairi litatokeza nje sentimita 8 hadi 9, na litarushia bodi tope na mawe. 110 zenyewe zilifungwa kope nyeusi za plastiki juu ya matairi kwa sababu hiyo hiyo. Wapo wanaosema kope hizo zinaharibu sura. Mimi naziona zinapendeza zikikatwa na kufungwa kwa ustadi, na usalama wa anayekuja nyuma yako ni muhimu kuliko sura. Habari njema ni kwamba nati tano za gurudumu zina mpangilio ule ule wa milimita 165.1, kwa hiyo rimu za baba zinaingia.

Sasa injini. 1HZ ni injini ninayoiheshimu: silinda 6, sentimita za ujazo 4164, dizeli isiyo na turbo, inayovumilia mengi. Ila ni ndefu na nzito kwa pua ya Land Rover, na kuiingiza mara nyingi kunaanza na kukata mbele. Tdi ina silinda 4, sentimita za ujazo 2495, na ile ya Discovery inatoa nguvu za farasi 111. Haina kompyuta. Ikishawaka, umeme pekee inaouhitaji kuendelea kuunguruma ni wa kile kifungua mafuta kwenye pampu, na fundi yeyote wa Himo anaweza kuihudumia kwa spana na akili yake. Uliza tu mapema kama inatoka kwenye Discovery au Defender, kwa sababu kwenye 200Tdi, toleo la kwanza la injini hii, turbo na vifaa vya pembeni havikukaa mahali pamoja, na kimoja kinaweza kugongana na chesisi. Halafu kuna mkanda wa taiming. Petroli ya baba ilikuwa na mnyororo, hii ina mkanda wa mpira, na usiiwashe hata mara moja kabla hujaweka mpya, hata kama muuzaji anaapa kwamba uliwekwa juzi.

Giaboksi ichukue pamoja na injini, na transfa yake, lile boksi la pili linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma. Hapa angalia namba moja inayosahaulika: transfa ya Discovery ina uwiano wa 1.22, ya Defender 1.41. Kwa gari la familia linalokimbia lami, 1.22 ni sawa. Kwa pikapu yenye mikungu ya ndizi inayopanda kurudi Marangu, tafuta 1.41, la sivyo utapanda mlima mzima ukiwa gia ya pili na klachi inanuka.

Siku bodi inapokwenda juu ya chesisi mpya, usiruhusu alumini ikutane na chuma kitupu. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini inaliwa polepole na kugeuka unga mweupe. Utauona tayari kwenye milango ya baba, kwenye kingo za chini. Kila kishikio kipakwe rangi kikauke, kiwekewe kipande cha mpira, na bolti ziwe zenye zinki.

La mwisho kwako, na ningeweza kulianza nalo. Namba ya chesisi ya Series III imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi inapofungiwa. Ukitupa chesisi, umetupa na namba ambayo ndiyo gari kwa mujibu wa kadi. Kwa hiyo kabla ya msumeno kugusa chochote, nenda TRA, mamlaka ya mapato inayosajili magari, na kwa wakaguzi wa polisi wa usalama barabarani ukaeleze unachotaka kufanya, wakuambie taratibu zake. Chesisi ya 110 uinunue ikiwa na kadi yake na hati ya mauziano. Isiyo na kadi, hata wakikupa bure, iache. Na kama fundi yeyote atapendekeza kusaga namba na kugonga nyingine, lipa kazi aliyokwisha kuifanya, ulichukue gari lako. Urithi wa baba usikupeleke mahakamani.

Kwa hiyo mwanangu, umsikilize nani? Msikilize atakayeanza kwa nyundo na rula.

SWALI: Habari mzee. Mimi ni fundi Nairobi, najifunza kuunda pikapu za zamani. Nina Discovery ya 1993 iliyopinduka, chini ni nzima kabisa, na bodi ya Land Rover 109. Nataka kurefusha chesisi ya Discovery. Nikate wapi, na niunganishe vipi isije ikakatika? — Kijana wa Industrial Area

JIBU: Salama kijana wangu. Umeuliza kabla ya kukata, na hilo tayari linanipa imani na kazi yako.

Neno lako «nzima kabisa» lithibitishe kwanza. Gari lililopinduka linaweza kuwa na chesisi iliyopinda bila jicho kuona. Pandisha chesisi tupu juu ya stendi nne kwenye sakafu ya saruji, uisawazishe kwa pima maji. Chukua timazi, ning'iniza kutoka kwenye tundu moja la mbele kushoto, weka nukta ya chaki pale ncha inapotulia. Fanya hivyo kwa matundu yanayolingana kulia na kushoto, mbele, katikati na nyuma. Ondoa chesisi, sasa una picha yake sakafuni. Pima mishazari: kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia, na kinyume chake. Zikitofautiana zaidi ya milimita 5, mimi siiungi, naitafutia kwanza mahali pa kunyooshea. Michoro hiyo ya chaki usiifute, utaihitaji baada ya kuunga.

Kata sehemu iliyonyooka, nyuma ya krosimemba ya giaboksi na mbele ya mahali mikono ya ekseli ya nyuma inapofungiwa. Usikate wima. Mkato wa juu na mkato wa chini visiwe kwenye mstari mmoja: kata kwa ngazi, juu mbele kidogo, chini nyuma kidogo, ili pasiwepo mahali ambapo chesisi nzima inategemea mshono mmoja. Kabla ya kukata, funga vyuma viwili virefu vya kushikilia pande zote, vichomelewe kwa muda kwenye chesisi, ili nusu mbili zisisogee hata unywele.

Kipande cha kuongeza, milimita 229 kwa hesabu ya 109, kiwe na unene ule ule wa chuma cha asili. Mnene zaidi si bora zaidi, kwa sababu chesisi hujipinda kidogo njiani, na mahali pagumu hupeleka mkazo wote kwenye ncha zake, na hapo ndipo ufa huanzia. Ndani weka mkono wa chuma unaopita kila mkato kwa kiganja kimoja. Kwa nje, bati la kuimarisha likate kwa umbo la almasi, lisiwe na ncha ya wima. Juu na chini ya chesisi, pale penye mvuto mkubwa, usilichomelee bati hilo kukatiza upana.

Kwa vijiti vya kuchomelea, tumia 7018 vilivyokauka kabisa. Vikipata unyevu vinaacha mshono unaopendeza kwa juu na wenye ufa ndani. Choma vipande vifupi, hamia upande wa pili, rudi, acha chuma kipoe chenyewe. Usimwagie maji. Tangi la mafuta litolewe, betri iondolewe. Na kama chuma kimepakwa zinki, isage yote mpaka ibaki chuma tupu, kisha ufanyie kazi mahali penye hewa, kwa sababu moshi wake unaumiza.

Ukimaliza, propela shafti ya nyuma irefushwe na mtu mwenye mashine ya kuibalansi. Ya mbele haiguswi, kwa kuwa giaboksi haijasogea. Hendibreki nayo haina shida: kwenye Land Rover hizi dramu yake iko nyuma ya transfa na inashika propela shafti, si magurudumu. Mwambie mteja asiivute gari likiwa linatembea. Halafu nenda NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kuhusu ukaguzi na logibuku kabla gari halijatoka getini. Picha za kila hatua ya kuunga ziweke, mkaguzi mzuri atazitaka.

SWALI: Salamu kutoka Dallas, Fundi. Nimenunua Ford F-100 ya 1956, ndoto yangu tangu nifike Marekani. Mbele bado ina ekseli moja nzima na springi za bapa, usukani unatangatanga barabara kuu. Rafiki zangu wote wanasema ning'oe mbele yote ya Crown Victoria ya polisi nifunge. Ni sahihi? — Mkenya wa Dallas

JIBU: Hongera ndugu yangu. Ya 1956 ndiyo niliyoipenda kuliko zote kule Fort Worth, kwa kile kioo cha mbele kilichozunguka hadi pembeni, ambacho wenzake wa 1953 hadi 1955 hawana.

Rafiki zako wamekupa ushauri mzuri wa gari jingine. Crown Victoria za 2003 hadi 2011 zina fremu ndogo ya alumini iliyobeba mikono, springi, diski kubwa na stelingi ya raki, vyote vinatoka kwa pamoja kwa bolti chache. Ziliwahudumia polisi na teksi kote Marekani, kwa hiyo yadi za magari mabovu zimejaa. Mimi mwenyewe ningeifunga bila kufikiri mara mbili kwenye Ford za miaka ya 1960 na 1970. Lakini ni pana, zaidi ya inchi 62 kati ya matairi, na madigadi ya 1956 ni membamba. Tairi litachungulia nje, au utalazimika kutafuta rimu zilizoingia ndani sana na gari lipoteze usukani wa kukata kona. Nimeona pikapu nzuri za umri huo zimekatwa madigadi ya asili ili kuificha ekseli. Inaniuma.

Kwa 1956 nenda kwa muundo wa Mustang II. Jina linatokana na gari dogo la Ford la 1974 hadi 1978, na uzuri wake ni wembamba wake na raki yake kuwa mbele ya ekseli, ambayo inaacha nafasi kwa sahani ya mafuta ya injini. Usitoe kwenye gari bovu, kwa kuwa za asili zilikusudiwa gari jepesi kuliko lako. Nunua seti mpya iliyotengenezwa nene kwa ajili ya pikapu, yenye diski kubwa.

Chesisi yako ni ya umbo la C, upande mmoja uko wazi. Kabla hujafunga krosimemba mpya, uzibe upande ule kwa bati ili iwe boksi, tangu mbele hadi nyuma ya kabini. Choma inchi moja hapa, inchi moja kule, kulia na kushoto kwa zamu, huku chesisi imefungwa kwenye meza imara. Chesisi iliyozibwa kwa mshono mmoja mrefu inajikunja, na haitarudi.

Nyuma tafuta ekseli ya inchi 8.8 kutoka Ford Explorer za 1995 hadi 2001, inakuja na diski zake. Nati zake ni tano kwa inchi 4.5, sawa na seti nyingi za Mustang II, na utaondokana na zile za asili za inchi 5.5. Difu yake haiko katikati kabisa, imesogea upande wa abiria, jua hilo kabla hujapima propela shafti. Pembe ya difu na pembe ya giaboksi zilingane, moja ikitazama juu na nyingine chini, la sivyo gari litatetemeka ukiwa mwendo wa barabara kuu.

Masta silinda ya 1956 iko chini ya sakafu na ina njia moja: bomba likipasuka, breki zote zimekwenda. Weka ya njia mbili. Ukiiacha pale pale chini, iko chini kuliko kalipa, na mafuta ya breki yatarudi yenyewe. Funga vali ya kuzuia shinikizo lisirudi, ya 2 psi kwa diski. Kama utabakiza dramu nyuma, njia hiyo iwe na ya 10. Ukikosa vali hizi pedali itazama kwenye mguu wa kwanza kila unapotoka kwenye maegesho, na utabadilisha masta silinda tatu kabla mtu hajakwambia sababu.

Injini sijaigusa kwa makusudi. Endesha na ile uliyo nayo mpaka usukani na breki vikuridhishe, kisha niandikie tena.

SWALI: Shikamoo Fundi. Pikapu yangu ya Land Rover Series III haina tatizo ila usukani ni mzito mno, mke wangu hawezi kuliegesha. Nifunge stelingi ya pawa? — Mwalimu wa Songea

JIBU: Salama Mwalimu, na shikamoo nakurudishia, huenda umenizidi umri. Stelingi ya pawa kutoka kwenye Range Rover au Discovery inafungika, lakini kwanza tujue kama usukani wako ni mzito kwa asili au kwa maradhi.

Pima upepo wa matairi. Kisha nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi, geuza magurudumu kwa mkono. Ukiona bado ni mazito hewani, tairi halina kosa. Tenganisha fimbo moja moja mpaka ujue ugumu uko wapi: pivoti za ekseli, boksi la usukani, au ile rilei iliyozama kwenye krosimemba ya mbele, nyuma ya grili. Mara nyingi ni rilei. Imesimama wima ndani ya chuma, mafuta yake huisha bila mtu kukumbuka, na inashikana na kutu. Toa bolti ndogo ya juu, jaza mafuta ya gia taratibu, acha usiku mzima, ongeza kesho. Nyingine hulainika kwa hilo tu, na mama anaegesha bila shida.

Isipolainika, itolewe. Hapa nakuomba umsimamie fundi wako kwa macho yako. Ndani ya rilei kuna springi yenye nguvu kubwa iliyobanwa na bushi zilizogawanywa vipande, na ikichomoka inaruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Shafti ikianza kutoka, asiweke uso mbele yake. Aifunike kwa gunia zito, na bushi zikichungulia tu azifunge kwa klipu za hosi kabla hajaendelea kuvuta. Kurudisha ni kwa klipu hizo hizo: springi ibanwe mezani kwanza, bushi zifungwe, shafti isukumwe polepole na klipu zitoke zenyewe moja baada ya nyingine.